Mashine Iliyomwambia Mama Mkwe Ainame

Hussen Abdulrahmani hajawahi kuharibu kitu kwa ubaya. Niliseme hilo kwanza, maana nitakayoyaeleza yatamfanya mtu adhani kijana huyu ana roho mbaya. Hana. Ana roho nzuri kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyotutesa.

Ni fundi simu hapa Kitomanga. Ufundi aliuokota Mingoyo, pale njia panda, kwa mtu aliyekuwa akimpa simu mbovu azichezee. Aliporudi alifungua kibanda, akakipaka zambarau na kijani na rangi ya chungwa, kisha akaning'iniza taa zinazokimbizana hata jua likiwa utosini. Ukimpelekea simu iliyopasuka kioo, kioo atakitengeneza, lakini simu yako hutaiona tena. Utarudishiwa ya kwake. Ndani atakuwa amebadilisha kila kitu. Maandishi yatakuwa yamelala upande, maua yanaelea, na kitufe cha kupokelea kimehamishiwa pembeni juu, kwa sababu huko, anasema, kunapendeza. Baba yangu aliwahi kushika simu yake inaita, akaigeuza, akaitikisa, akaiambia "haloo, haloo", mpaka ikachoka kuita.

"Mwanangu Hussen," baba akamwendea, "pa kupokelea umepapeleka wapi?"

"Shikamoo mzee. Utazoea tu."

Hilo ndilo neno lake. Utazoea tu. Kichwani mwake dunia ina watu wa aina mbili: yeye, na watu ambao bado hawajazoea.

Halafu akampenda Batuli.

Batuli ni rafiki yangu, nyumba zetu zimepakana. Aliolewa Kilwa, akaachika, akarudi kwa mama yake na kicheko chake kilekile. Siku moja alimpelekea Hussen simu akamwambia, "Tengeneza palipovunjika. Kwingine usiguse." Hussen akatengeneza palipovunjika na kwingine hakugusa. Jioni ileile kijiji kizima tukajua kijana ameshikwa, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kumwambia kitu akasikia.

Posa ilipelekwa na Suleiman kinyozi, ndiye mshenga. Mama yake Batuli, Bi Kazija, hakukubali wala hakukataa. Alisema wasubiri kaka yake, Mjomba Ramadhani, amalize korosho zake ashuke kutoka Rondo. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Lakini kila mtu anajua neno hilo mjomba huwa amelipokea kwa dada yake, yeye kazi yake ni kulitamka kwa sauti nene. Kwa hiyo Hussen alijua anayempima ni nani, na akaanza kushika adabu ya ukwe hata kabla hajawa mkwe. Akimwona Bi Kazija anakuja njiani, alikuwa akizama kwenye mihogo ya watu mpaka mama apite. Kumkazia macho mama mkwe ni aibu, na kusemezana naye uso kwa uso ni aibu zaidi. Ukiwa na la kumwambia, mshenga yupo.

Ni katika siku hizo za kuzama kwenye mihogo ndipo kamati ya maji ilipomwita.

Kamati yetu ni wanaume watupu, wanywaji wazuri wa maji, hakuna hata mmoja aliyewahi kuyabeba kichwani. Walitaka bomba la kati liwe la kisasa, mtu aguse kadi, maji yatoke, pasiwe na haja ya mtu wa kulisimamia. Hussen akaahidi zaidi ya walichoomba. Alijifungia kibandani na kioo kikubwa cha kugusa, nyaya, sanduku la chuma, na spika mbili za harusini. Mimi na Batuli tulipita siku moja, nina mwanangu Imani kiunoni, tukamgongea.

"Hussen, unataka tuje tukuonyeshe tunavyochota?"

Alitoa kichwa tu. "Maji yanachotwaje tena, dada zangu? Mtu anaweka ndoo, basi. Nyie subirini mshangae."

Tukashangaa.

Siku ya kufungua, kwenye kile kioo walikuwa wakiogelea samaki. Kulikuwa na tone la maji lenye macho, limevaa kofia, linapunga mkono. Ulitakiwa uliguse tone. Likishacheka linakuletea vyombo: ndoo, dumu, beseni, sufuria, hata kikombe, uchague. Kisha linakuuliza kama una uhakika. Ukishakuwa na uhakika linakuuliza tena kwa rangi nyingine. Na yote hayo ungeyaona kama jua lingezimwa. Saa za kuchota maji kile kioo kilikuwa kinang'aa kama bati jipya, huoni samaki wala tone, na kila mwanamke ilimbidi ajifunike khanga kichwa chake pamoja na mashine, wakawa kama wawili wanaosengenyana. Mkono mmoja umeshika kadi, mmoja umeshika khanga, mtoto ashikwe na nani?

"Wa mgongoni ashikwe na Mungu," alisema Theresia, jirani yetu, na sote tukacheka.

Lakini samaki tungewavumilia. Kilichotuponza ni sauti. Hussen aliona mashine isiyosema ni mashine maskini, akaipa sauti, na sauti aliyoipa ni yake mwenyewe, ameikoroga ikawa nzito kama ya mtangazaji wa mpira.

"Mteja! Gusa kadi!"

"Mteja! Inama uweke ndoo!"

Na ukichelewa, au kidole kikiteleza: "Umekosea! Rudia mwanzo!"

Spika ni za harusini, nimeshasema. Anayekosea bombani alikuwa anajulikana mpaka msikitini.

Bi Kazija hakuja siku ya kwanza. Alikuja ya pili, amevaa khanga mpya doti nzima, maana ni kazi ya mtu anayetaka kuwa mwanawe, asingeiendea na tambara. Tukampisha mbele. Hussen alikuwa kibandani kwake, ng'ambo ya barabara. Alipomwona akarudi ndani kwa heshima, akachungulia tundu la dirisha.

Bi Kazija akagusa kadi. Mashine ikavuta pumzi.

"Mteja! Inama uweke ndoo!"

Foleni nzima tuligeuka kutazama kibandani.  Ile ilikuwa sauti ya Hussen, hakuna asiyeijua. Kijana ambaye hathubutu hata kukaa njia moja na mama huyu sasa anamwambia ainame, mbele ya watu, kwa spika.

Batuli alijiuma khanga.  Bi Kazija alivuta ushungi mpaka usoni, akaigeuzia mashine mgongo, kama ambavyo mama yeyote mwenye adabu angemgeuzia mkwe aliyekutana naye ghafla. Na akiwa amegeuka hivyohivyo, kwa kuwa maji alikuwa anayataka, akaanza kupapasa kioo kwa nyuma kutafuta ndoo ilipo.

"Umekosea!" Hussen akanguruma. "Rudia mwanzo!"

"Mama," mwanamke mmoja wa foleni akashindwa kujizuia, "mkwe anasema urudie."

Bi Kazija aliondoka. Ndoo aliiacha palepale.

Jioni Suleiman kinyozi aliitwa. Mimi nilikuwa uani kwao nachambua mchele na Batuli, nikasikia.

"Suleiman, mwanangu, nimezaa, nimezika, nimelima," Bi Kazija alisema taratibu, "sijawahi kuambiwa niiname na mtu anayekuja kuniita mama. Kaka yangu yuko njiani. Akifika nitamwambia nini? Nimwambie tumepata mkwe anayetukaripia bombani?"

"Mama, ile si yeye. Ni mashine."

"Sauti ya nani?"

Suleiman akakuna kidevu. Kinyozi mzima alikosa la kunyoa.

"Basi mwambie aitafakari hiyo mashine yake," Bi Kazija akasema. "Mjomba akifika kabla hajaitafakari, jibu ni hapana."

Ujumbe ulifika. Hussen alikosa usingizi, akaitafakari mashine usiku kucha, na kwa kuwa ni Hussen, asubuhi akawa ameongeza. Alifikiri kosa lake ni kutosalimia. Na kweli hakusalimia, lakini mtu akikukanyaga mguu wenye kidonda, kukuamkia huku bado ameukanyaga hakukusaidii.

Sasa mashine ikawa inaanza hivi: "Shikamoo!" Halafu inasubiri. Usiposema marahaba kwa sauti ya kusikika, haiendelei. Inawaamkia wote, haichagui. Watoto wa darasa la kwanza waliacha njia ya shule wakawa wanakuja bombani bila ndoo, wanapanga foleni, wanaamkiwa, "Marahaba, marahaba Hussen!", wanakimbia wanagaragara kwa kucheka. Wazee wakasikia mtu mzima anawaamkia watoto, wakashika vichwa.

Baada ya shikamoo ikaja habari. "Habari za nyumbani?" Kwenye kioo kinatokea kitufe kimoja, kikubwa, cha kijani, kimeandikwa Nzuri. Unabonyeza. "Habari za watoto?" Nzuri. "Habari za shamba?" Nzuri. Ndipo tone likupungie mkono. Foleni ikafika barabarani. Nilipomwambia Hussen kwamba Imani amelala, ameamka na amejikojolea nikiwa bado nataja habari za shamba, alinijibu lilelile unalolijua.

"Mama Imani, utazoea tu."

Bi Kazija hakurudi. Alikuwa akimtuma Batuli, na Batuli alikuwa akirudi amenuna kuliko alivyokwenda. "Najibu habari zangu zote kwa bati," aliniambia. "Mwenyewe hajawahi hata kuniuliza nimelalaje."

Katika wiki hiyo Theresia akafiwa na kaka yake. Maiti ililetwa nyumbani, watu wakaanza kumiminika, na nyumba ya msiba haina kitu inachotaka kama maji. Nilikuwa nyuma yake foleni. Tulimpisha, akafika mbele, amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba.

"Shikamoo!"

"Marahaba," Theresia alisema, sauti ikamkatika, mashine haikusikia, akarudia.

"Habari za nyumbani?"

Theresia akasimama. Kitufe kilikuwa kilekile kimoja. Nzuri.

Sisi hata mwenye msiba huanza na nzuri. Ukimwuliza atakwambia nzuri, kisha ataweka ila. Nzuri, ila tumefiwa. Nzuri, ila mtoto ana homa. Maneno yote ya mtu yako nyuma ya ila. Hussen alikuwa ameweka nzuri na ila hakuiweka. Theresia alikitazama kile kijani, mkono umeganda hewani, machozi yanadondokea kadi.

"Umekosea!" mashine ikasema. "Rudia mwanzo!"

Mimi ndiye niliyesogea nikambonyezea nzuri zake zote.  Batuli alikuwa amesimama kando, na kile kicheko chake sikukiona. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka kibandani, akapiga dirisha kwa kiganja.

"Hussen, toka."

"Batuli, watu wanatuona, mshenga..."

"Mshenga yuko msibani, anakata kuni. Wewe toka. Msiba unataka maji. Njoo uyachote."

"Mimi?"

"Mashine yako, bomba lako. Ndoo zile pale."

Alitoka amevaa shati lake la kola, amejipulizia manukato. Watu wakamfungulia njia kama bwana harusi. Na mimi, sijui ni shetani gani aliyenipitia, nikamwambia, "Shemeji, nishikie Imani nikamshike Theresia," nikamtwika mtoto kabla hajajibu.

Basi akawa na Imani mkono wa kushoto, ndoo mkono wa kulia, kadi mdomoni. Akaweka ndoo, akatoa kadi mdomoni ikiwa na mate, akaigusisha.

"Shikamoo!" Hussen akamwamkia Hussen.

"Marahaba," akanong'ona.

Mashine haikusikia.

"Marahaba!"

Imani, mwanangu ambaye haogopi hata ng'ombe, alishtuka akaanza kulia. Mashine ikasikia kilio, ikasubiri. Foleni ikasubiri. Hussen akapaza sauti mpaka mishipa ikamtoka, marahaba ikapita. Alipofika kwenye nzuri, kidole kilikuwa kimelowa kwa ndoo na ile kadi. Na hapo ndipo tulipogundua wote pamoja, yeye na sisi, kwamba kioo kile hakimtambui mtu mwenye kidole kibichi. Alikijaribia kibandani, mikono mikavu, chini ya feni. Hakuwaza kwamba bombani watu wana maji mikononi.

Akajifuta kwenye suruali. Akabonyeza. Akajifuta. Akaegemea kwa kiwiko.

"Umekosea! Rudia mwanzo!"

"Nimekosea nini?" Hussen akafoka.

"Umekosea! Rudia mwanzo!"

"Nimekosea nini wewe, mjinga!"

"Msiwaingilie," mtu akasema nyuma, "ni mambo ya ndugu."

Hata Theresia alicheka, na kilio chake ndani ya kicheko hicho, Mungu atusamehe. Hussen alimpa Batuli mtoto, akafungua sanduku la chuma, akang'oa waya. Sauti ikakatika katikati ya "umeko". Tukapiga vigelegele. Kisha tukaona koki nayo imefunga. Hapakuwa na sauti, wala samaki, wala tone, wala maji.

 Hussen akaenda akaazima baiskeli na madumu, akashuka kwenye kisima cha zamani bondeni.

Alibeba maji ya msiba ule wote. Mimi sijawahi kumwonea huruma Hussen, lakini siku hizo nilimwonea, kwa sababu njia ya bondeni ni moja, na Bi Kazija alikuwa msibani. Kila alipotokea njiani, Hussen ilimbidi azame pembeni na baiskeli iliyosheheni, mara kwenye miiba, mara kwenye shimo la taka, amwage nusu, arudi akajaze. Na nina hakika mara nyingine Bi Kazija hakuwa na safari yoyote. Alikuwa anakwenda mpaka kwenye mkorosho wa kwanza, anaona madumu yanatumbukia vichakani, anageuza polepole.

Msiba ulipoisha, Hussen alikaa bombani. Hakufanya kitu, alikaa tu kwenye jiwe mbali kidogo, amefunga mdomo, anatutazama tukihangaika na koki aliyoifungua kwa spana. Alitazama mtoto alipokuwa, ndoo ilipokuwa, mkono gani uko wazi. Mara nyingi hakuna mkono uliokuwa wazi. Kilichokuwa wazi ni mguu.

Akang'oa kioo, spika na taa. Akachonga kipande cha mninga, akakifunga na springi ya baiskeli, akakiweka chini. Ukigusisha kadi kwenye sanduku unakanyaga, maji yanatoka. Ukiinua mguu yanakoma. Hakuna anayekuamkia wala anayekwambia umekosea. Na Hussen, msidhani aliokoka, aliita wanakamati akawaeleza kwa kirefu kwamba huu ndio usanifu wa hali ya juu, nchi zilizoendelea bado hazijafika. Kipande cha ubao! Wanakamati walitikisa vichwa, wakauliza kwa nini hakina taa.

Bi Kazija alikuja asubuhi moja, khanga ya kila siku. Aliweka ndoo aliyokuwa ameiazima, akagusisha kadi, akakanyaga. Maji yakajaa. Alisubiri kidogo, kama mtu anayetegea kusikia jambo. Hakusikia kitu. Akajitwika, akaenda zake.

Mjomba Ramadhani alishuka Rondo na gunia la mihogo, wazee wakakaa mkekani. Hussen hakuruhusiwa kuwapo. Alikuwa nyuma ya choo cha jirani, yaani cha kwetu, nami nilimwona, ananiuliza kwa macho wanasema nini. Mjomba alimtazama dada yake. Dada yake akasema, "Mimi sina neno." Kwake hiyo ni hotuba. Mjomba akasafisha koo, akatamka kwa sauti nene kwamba ukoo umeridhia, lakini Batuli si mwali ambaye kunyamaza kwake ni ndiyo, alishaolewa, lazima aseme kwa kinywa chake.

"Namtaka," Batuli akasema. "Ila."

Wazee wakainua vichwa.

"Ila ahamie kwetu. Ajenge hapa uwanjani kwa mama. Mimi Kilwa nilihama, nikaona."

Mjomba akasema ni haki, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, mwanamume huja kwa mkewe. Suleiman akatumwa nyuma ya choo na habari. Nilimwona Hussen akifurahi mpaka akashika ukuta, kisha nikaona furaha ikimsimama usoni. Kujenga uwanjani kwa mama mkwe! Atakwepa kwenye mihogo gani, kila siku ya maisha yake, kila akitoka kwenda kunawa?

Akatoa penseli. Nikajua tumekwisha, sasa atachora nyumba yenye samaki. Lakini hakuchora. Alimshika Suleiman mkono.

"Nenda ukamuulize mama. Mwambie nimeomba kwa heshima. Anaamka saa ngapi, na anapendelea kupita upande gani, nijue mlango niuelekeze wapi."

Suleiman akaenda, akarudi amebana kicheko.

"Anasema anaamka akiamka, na anapita anapopenda. Wewe jenga, kisha ukwepe."